Kifo cha Majaribio

Jumatatu, 6 Machi 1995

Leo nimekabidhiwa kazi ya kupatanisha kompyuta. Ukoo wetu mzima umeshindwa kupatanisha baba zangu wadogo wawili wanaogombea nyumba moja Temeke, halafu mimi naambiwa nipatanishe mifumo mitatu ya shirika kabla masika hayajaisha.

Niandike ilivyo, maana najijua, mwezi ujao nitakuwa nimesahau ilianzaje. Shirika letu linauzwa. Yadi ya makontena hapa Kurasini, karakana, malori yaliyobaki, jengo la ofisi kuu mjini, vyote vinakwenda kwa wanunuzi. Idara ya Mishahara ina kompyuta yake ya zamani. Utumishi, kule ofisi kuu, walipewa yao na wafadhili. Yadi ilijinunulia ya kwake, inayojua kontena gani limetoka na nani anaruhusiwa getini. Hakuna inayomjua mwenzake. Mtu akihamishwa, Utumishi wanajua leo, Mishahara wanajua mwezi ujao, na Yadi hawajui mpaka mtu afoke.

Wanunuzi wamesema hawachukui mashine zisizosemezana. Na wafanyakazi watakaobaki ni wale ambao mifumo yote mitatu, ikishaunganishwa, itasema wapo. Nafasi yenye mtu inabaki na mtu wake. Nafasi iliyo wazi inafutwa, haijazwi tena.

Bwana Leodegar, mkuu wetu wa kompyuta, kanipa mimi kupima kama mifumo inaelewana na kuandika taarifa ya mwisho. "Najma, wewe ndiye ninayekuamini," kasema. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Huyu ndiye aliyenitoa kwenye taipureta akanifundisha kompyuta, wakati wenzake wanasema mwanamke wa Kiswahili ataishia kuifuta vumbi.

Alhamisi, 9 Machi

Umeme ulikatika asubuhi ukarudi tunafunga ofisi. Sikupima kitu.

Jumanne, 14 Machi

Nimehamia chumba cha Mishahara ili nione taarifa zinavyotoka. Maana yake nakaa na Albano kutwa, na Albano mdomo wake hauna breki. Ni Mnyamwezi wa Tabora, karani wa mishahara tangu mimi niko shule ya msingi. Kazi anaiweza, lakini kwake kila kitu ni kichekesho, na mimi vichekesho vya kazini vinanikera.

Saa nne, wakati wa chai, huja Mzee Mwinjuma, karani mkuu wa geti. Huyu ni jirani yetu Mtoni, tena mume wa somo yangu, Bi Mwanakombo, aliyenifunda nilipovunja ungo. Mtaani ni mtu wa heshima zake, imamu akikosekana anaswalisha yeye. Akivuka mlango wa Mishahara anageuka mtu mwingine, kwa sababu yeye ni Mzaramo na Albano ni mtani wake.

"Huyu bado hajafa?" kaanza Albano leo. "Nilisikia kuna Mzaramo kafa getini, nikaja mbio na sahani yangu ya pilau."

"Mie nife, nani atakufundisha kuoga?" Mzee akavuta kiti. "Babu yako alipofika pwani na mzigo wa watu kichwani, akaonja bahari, akauliza nani kamwaga chumvi yote hii. Mpaka leo mnamtafuta."

"Na babu yako akauza shamba akacheza ngoma wiki nzima. Wiki ya pili akaja kuomba pa kulala."

Hapo Mzee akanywa chai ya Albano, na Albano akala kitumbua cha Mzee. Ndivyo walivyo miaka yote. Alipofariki mama yake Mzee, Albano aliingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria yenyewe. Mimi nina kazi ya kupima, wao wanapimiana sanda.

Jumanne, 21 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Mtaro wa nyuma ya yadi umefurika, na harufu yake imeingia mpaka kwenye kabati la diski.

Ijumaa, 24 Machi

Jaribio la kwanza limekwama vibaya. Namba ya mtumishi kule Utumishi ina tarakimu sita, Mishahara wana nafasi ya tano, basi ya mwisho inakatwa na watu wanabadilishana mishahara. Mishahara wanaanza tarehe kwa mwezi, Yadi wanaanza kwa siku. Yadi inataka jina la ukoo, na sisi watu wa pwani hatuna jina la ukoo, tuna baba na babu. Mimi Najma Hilal, Yadi inanijua kama Hilal, mwanamume.

Bwana Leodegar kakaa na mimi mpaka tumetengeneza kila kimoja. Mtu mvumilivu, hafoki. Laiti wote wangekuwa kama yeye.

Jumatano, 29 Machi

Leo tumeambiwa tutunge taarifa za majaribio. Bwana Leodegar alitaka kila idara iingize mabadiliko ya uongo, tuone kama yatafika kwa wenzao: mtu kahamishwa, mtu kaoa, mtu kastaafu. Nikamwambia tungetunga na watu wa uongo pia, au tufanye kwenye nakala pembeni. Akasema mashine ya pembeni hatuna, na namba za uongo Mishahara inazikataa.

"Tumieni watu wa kweli," kasema. "Nitafuta kila kitu mimi mwenyewe kabla sijafungua kiungo cha mifumo yote mitatu. Neno la siri ninalo mimi peke yangu."

Nikaandika mimi nimehamishiwa karakana. Albano akajifikicha mikono. Mzee Mwinjuma alikuwepo, kaja na chai yake.

"Mtani, wewe nakuua," kasema Albano.

"Niue vizuri basi, nisife kishamba."

"Sababu ya kifo?"

"Andika kafa kwa kushiba, mjue sie watu wa pwani tunakula."

Mashine haina sehemu ya kushiba, ina namba tu, na namba ya kufariki ni tatu. Albano kaibonyeza huku anaimba. Mzee akainama kwenye kioo kusoma jina lake, akasema afadhali, sasa atapumzika na Wanyamwezi. Hata mimi nilicheka, na mimi si mwepesi wa kucheka na wale.

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua. Mzee Mwinjuma kaanza likizo, kaenda Mbweni kumsimamia mpwa wake anayemwaga msingi wa nyumba. Na mvua hii sijui wanamwaga msingi au wanachimba kisima.

Alhamisi, 6 Aprili

Mshauri wa wanunuzi, Mzungu mmoja mwembamba mwenye Kiswahili cha vitabu, alitegemewa wiki ijayo, katokea leo asubuhi viatu vimejaa tope. Anataka kuona kiungo. Bwana Leodegar akapauka kidogo, akaingia chumba cha mashine, akafungua.

Kikafanya kazi. Kontena lililotoka getini asubuhi lilionekana Mishahara kwenye posho za dereva kabla Mshauri hajamaliza soda. Bwana Leodegar kanipa mkono mbele ya watu. Nimesikia raha ambayo sijaisikia muda mrefu, na sioni haya kuiandika.

Jumapili, 9 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nafua wakati mvua imekata kidogo. Nikasikia kilio upande wa kwa somo. Si kilio cha mtoto kuanguka, kilio chenyewe. Mama kaacha ungo wa mchele chini tukatoka na kanga zetu za ndani hivyo hivyo.

Mlangoni kwa Bi Mwanakombo lilikuwepo gari la shirika. Afisa ustawi wa ofisi kuu, ambaye hata hatujui sisi wa Kurasini, kasimama kavua kofia. Kando yake mfuko wa mchele, na juu ya mchele sanda imekunjwa vizuri na pakiti ya ubani. Alikuwa anasema shirika limepokea kwa masikitiko taarifa ya kifo cha ndugu Mwinjuma Twaha.

"Kafia wapi?" somo anauliza. "Yuko Mbweni. Kafia wapi?"

"Mama, sisi tumepokea taarifa tu. Mashine ndiyo imetoa asubuhi."

Nilijua pale pale. Namba tatu. Haikufutwa, kiungo kimefunguliwa, imetoka Mishahara ikaingia Utumishi, na Utumishi ikampangia afisa kazi yake ya siku. Nilijua, lakini niseme ukweli wangu: palikuwa na sanda, na wanawake wanalia, na Mzee yuko Mbweni kwenye shimo lililojaa maji. Nikaamini. Kwa muda fulani nililia na mimi, na mimi ndiye niliyekuwepo kifo kile kikiandikwa.

Akili iliponirudia nikaanza kusema ni jaribio, ni kompyuta. Nani anisikilize? Wanawake walishamkalisha somo kwenye mkeka, wanamfumua nywele. Bangili zake za dhahabu, za harusi, alizivua mwenyewe. Zilikataa, wakamletea sabuni. Wanaume wakafunga turubai. Jamaa wawili wakatumwa Mbweni kuleta maiti.

Adhuhuri kaja Albano. Habari ilimfikia Tandika anakokaa. Nilidhani atakuja na kelele za kitani, adai jogoo, ajitupe mbele ya jeneza. Kaingia ameshika kofia, analia kama mtoto. Alikuwa amesahau. Mtu yule alikuwa amesahau kabisa kwamba yeye ndiye aliyeandika.

Alasiri Mzee Mwinjuma akaingia uani kwa miguu yake, suruali imekunjwa, ana saruji mpaka kwenye nyusi. Wale waliotumwa walipishana naye njiani. Akaona turubai, akaona jamvi, akaanza kutoa pole.

"Nani kafa?"

Akasogea mpaka mlangoni. Somo akamtazama. Hakumkimbilia, hakupiga kelele. Alikaa vile vile na nywele zake zimesimama.

"Umekaa wapi mpaka nikavua bangili zangu?" kamuuliza.

Mzee akajaribu kucheka. Akageuka kutafuta wa kucheka naye, akamwona Albano. Albano alikuwa amenyanyuka mikono wazi, amkumbatie. Na hapo mimi, kwa hasira ya siku nzima, nikasema mbele ya umati: "Muulizeni Albano. Yeye ndiye aliyemwandika kafa."

Uwanja mzima ukamgeukia. Albano akasema, "Tulikuwa tunataniana, jamani. Na mwenyewe alikuwepo." Hakuna aliyemtetea. Mzee Mwinjuma aligeuka akamtazama mkewe. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mama yangu akasema, tena kwa sauti.

Albano akaondoka mvua inaanza tena. Sanda tuliirudisha kwenye gari, lakini mchele ulikuwa umeshapikwa.

Jumatatu, 10 Aprili

Nilidhani kumfufua mtu kwenye kompyuta ni kazi ya nusu saa.

Utumishi wanasema hali ya mtumishi inatoka Mishahara, warekebishe wao. Mishahara inasema mtumishi aliyefungwa kwa kifo hafunguliwi tena. Yadi imemtoa kwenye orodha ya geti na haimrudishi mpaka Utumishi waseme. Zimekubaliana zote tatu, mara ya kwanza tangu tuwe nazo. Walioziunda waliweka namba ya kufa, namba ya kurudi hawakuona haja.

Tena nafasi ya karani mkuu wa geti, kwa kuwa iko wazi, imefutwa.

Njia ipo moja. Tuna kanda ya nakala ya kabla ya kiungo. Tukiirudisha, Mzee anarudi na nafasi yake. Nimemwambia Bwana Leodegar. Kasema atalishughulikia.

Alhamisi, 13 Aprili

Bado. Kesho ni Ijumaa Kuu, Bwana Leodegar yuko kanisani na familia. Albano kanywa chai peke yake. Kitumbua cha pili alikinunua, hakikuliwa.

Alhamisi, 20 Aprili

Leo nilimfuata Bwana Leodegar ofisini nikafunga mlango. Nilimuuliza kwa nini hakufuta zile taarifa kabla ya kufungua kiungo, kama alivyoahidi.

"Mshauri alikuwa amekaa hapo, Najma. Ningemwambia asubiri nifute vifo vya uongo? Ningeonekanaje?"

"Basi turudishe kanda sasa."

"Tukirudisha kanda, kiungo kinazimwa siku mbili, na Mshauri ataandika kwamba mifumo yetu haiaminiki. Wanunuzi watakimbia. Mtu mmoja au yadi nzima? Wewe mwenyewe utakula wapi?" Kisha akalainisha sauti, ile ile aliyonifundishia kompyuta. "Hesabu ya watu inafungwa mwisho wa mwezi. Wakishachukua, nitamwingiza Mzee kimyakimya. Nakuahidi."

Nikatoka. Kwenye korido nikagundua kwamba Mzee kazidi miaka hamsini, na wanunuzi hawaajiri mtu mpya wa umri huo. Hiyo kimyakimya itapita mlango gani? Nikarudi kumuuliza, nikaambiwa yuko kwenye simu.

Siku zote nilidhani upole wake ni uvumilivu. Ni woga tu, kauvalisha suti.

Jumatatu, 24 Aprili

Likizo ya Mzee imekwisha, kaja kazini. Geti limemkatalia. Wasaidizi wake mwenyewe wamesimama wanatazamana, mashine inasema hakuna mtu huyo, na amri ni kwamba asiye kwenye mashine haingii. Akawaambia wafuate amri, aliwafundisha yeye. Akakaa kwenye benchi la madereva nje, chini ya bati, mpaka saa sita, kisha akaenda msikitini.

Albano alitoka mara mbili kumpelekea chai. Ya kwanza Mzee alimwambia ashanywa. Ya pili alishaondoka.

Albano kanisimulia, akiwa amenipa mgongo, kwamba amekwenda kwa mkurugenzi ofisi kuu kusema kosa ni lake na kuomba kanda irudishwe. Kaambiwa mambo ya mashine amuulize Bwana Leodegar. Kaenda na Mtoni pia, na jogoo, kulipa faini yake ya utani. Somo hakufungua mlango. Jogoo kamwachia jirani.

"Ni mie kweli nimemuua, dada Najma," kasema.

Nilimwambia si yeye, ni aliyeahidi kufuta hakufuta. Nilipaswa kusema hivyo siku ile pale uani, mbele ya watu wote, na sasa watu wenyewe hawapo.

Jumapili, 30 Aprili

Hesabu ya watu imefungwa leo. Mzee hayumo.

Jumatano, 10 Mei

Idi kubwa. Mvua imetupa nafasi ya kuswali uwanjani, ikarudi wakati wa kuchinja.

Nilikwenda kumpa somo mkono wa Idi. Bangili hajazivaa. Kasema mikono imevimba, lakini mikono yake nimeiona. "Somo," kaniambia, "mie kila akichelewa kurudi moyo unanambia safari hii kweli. Zamani nilikuwaga nalala tu." Mzee alikuwa barazani na kanzu yake, akaniuliza mambo yake yamefikia wapi.

Nikamwambia, subira, Mzee. Nilisema kwa sauti ya Bwana Leodegar hasa, ile laini, na pilau ya watu iko mdomoni.

"Mie sina ugomvi na mashine," kasema. "Mashine haijanijua. Ila watu wa Kurasini wananijua. Si waseme tu kwamba nipo?"

Nilimwambia ndiyo, Mzee, nikaaga.

Jumatatu, 15 Mei

Mvua kutwa. Vipimo vyote vimepita.

Alhamisi, 25 Mei

Nimemaliza taarifa. Niliandika kila kitu nilichopima, na ukurasa mmoja mzima juu ya Mzee Mwinjuma: nani aliingiza, nani aliahidi kufuta, jinsi kifo kilivyopita mifumo yote bila mtu kuulizwa kama maiti imeonekana. Nikaandika kwamba mifumo hii inapelekeana uongo kwa kasi ile ile inayopelekeana ukweli, na hakuna njia ya kuurudisha.

Jioni Bwana Leodegar kanirudishia nakala safi iliyopigwa chapa upya. Ukurasa wangu haumo. Badala yake kuna mistari miwili kwenye matokeo mazuri: taarifa ya kifo cha mtumishi mmoja ilitoka Mishahara ikafika Utumishi na Yadi, ikafunga nafasi na kutoa maelekezo kwa ustawi, bila hitilafu yoyote. Chini jina langu, na mahali pa kutia sahihi.

Sikutia. Kasema si lazima, ya kwake inatosha. La kuvunda halina ubani.

Jumatatu, 29 Mei

Nimemfuata Mshauri mwenyewe, kwenye ofisi aliyopewa ghorofani. Nilimweleza yote, taratibu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Nikamwambia mtu huyu yuko hai, anakaa Mtoni, tukipanda gari sasa hivi tutamkuta barazani.

Alisikiliza vizuri. Alisikitika, hilo siwezi kumnyima. Akachukua kalamu.

"Lakini taarifa ilifika kote?"

"Ilifika."

"Haikupotea njiani? Haikubadilika?"

"Haikubadilika."

"Basi kiungo kinafanya kazi," kasema. "Mimi niliulizwa hilo. Mambo ya watumishi wanaulizwa wengine." Akanisifu kwa vipimo vyangu, akasema amewapendekezea wanunuzi wanipe mimi usimamizi wa mifumo yote mitatu, maana Bwana Leodegar anapandishwa ofisi kuu.

Kufa kufaana. Mama amefurahi sana, kaenda kuwaambia majirani. Nilimzuia asiende kwa somo.

Ijumaa, 2 Juni

Leo wanunuzi wamekabidhiwa yadi. Mvua nayo imekwisha, jua limewaka kutwa na tope limeanza kupasuka.

Mzee Mwinjuma aliitwa achukue vitu vyake. Kwa kuwa geti halimtambui, ilibidi aandikwe mgeni, na mgeni lazima awe na mwenyeji. Wasaidizi wake walimuuliza mwenyeji wako nani. Akasema Najma Hilal. Nikaenda kumpokea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, hakuongeza neno. Vitu vyenyewe ni koti la mvua, mswala, birika na kikombe. Alinipa nibebe birika.

Njia ya kutokea inapita mlango wa Mishahara. Albano alishajua, alikuwa amesimama pale kibarazani tangu asubuhi. Kafunga shati vifungo vyote. Nilivyomwona nikajua anachongoja. Anangoja atukanwe. Aitwe mpagazi, aambiwe babu yake, aambiwe hajaoga, alaaniwe yeye na Tabora yote. Mtani akikutukana umesamehewa, na Albano alikuwa ametanguliza kichwa mbele kabisa, kama mtu anayeinamia kunyolewa.

Mzee Mwinjuma akafika mbele yake, akasimama. Akahamishia mswala mkono wa kushoto, akampa wa kulia.

"Habari za asubuhi, Bwana Albano," kasema. "Hawajambo nyumbani?"

Albano aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Wasalimie sana," kasema Mzee, kwa adabu zote, kama anavyowasalimu maafisa wa ofisi kuu. Akaachia mkono, akatembea kwenda getini, mimi nyuma yake na birika.